Shahidi wa Upande wa Miguu

Niseme mapema, msije mkanidhania mwema. Mwenzangu nilimwonea wivu tangu wiki ya kwanza aliyofika Koboko, na wivu wenyewe haukuanzia kwenye jambo kubwa. Ulianzia kwenye kikombe cha chai.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja, mmisionari wa kanisa ambalo watu wengi huwaita waumini wake Wamormoni. Nimezaliwa na kukulia Morogoro. Kwetu, kijana akifikisha umri hujitolea miaka miwili, na hachagui aendako. Barua inakuja imeandikwa nchi, unafunga begi. Mimi niliandikiwa Uganda. Nikaanzia Jinja, nikaenda Arua, na kutoka Arua nikapelekwa Koboko, ambako tulikuwa na nyumba ya kupanga ya vyumba viwili, baiskeli mbili, na waumini wa kujaza sebule.

Tunatembea wawili wawili. Si msemo, ni kanuni. Unalala chumba kimoja na mwenzako, unaamka naye saa kumi na mbili na nusu, unafundisha naye, na hata ukienda kununua sabuni dukani yuko hatua tatu nyuma yako. Ukimpenda, maisha ni raha. Ukimwonea kijicho, umekwisha, maana huna hata choo cha kwenda kununia bila yeye kukusubiri nje.

Kifuani tulivaa kibao cheusi kilichoandikwa "Mzee" na jina la ukoo, na ndivyo tulivyopaswa kuitana. Watu wa Koboko walikuwa wakikisoma, wananitazama kidevu, halafu wanacheka mpaka wanashika ukuta. Mwenzangu yeye, tukiwa wenyewe, aliniita yaya. Kwao Bukavu, Kongo, ndivyo unavyomwita kaka mkubwa. Nilimzidi mwaka mmoja wa kuzaliwa na mwaka mzima wa misheni, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumfundisha. Yaani mimi ndiye mkubwa. Hilo nataka lieleweke.

Sasa chai. Sisi hatunywi chai wala kahawa. Nenda wewe West Nile, pande zile za Koboko, ingia nyumba ya watu, kaa kwenye kiti ulichofutiwa vumbi kwa kanga, kisha ukatae chai. Mimi nilikuwa na maelezo yangu, nimeyapanga vizuri, kwa Kiswahili ambacho mwalimu wangu wa sekondari angekipigia mstari kwa furaha. Nilieleza afya, nikaeleza ufunuo, nikaeleza utii. Mwenye nyumba alinisikiliza mpaka mwisho, chai ikapoa, na nilipomaliza alikitazama kikombe kama anayejiuliza kimeingia nini.

Mwenzangu siku yake ya pili aliletewa chai vilevile. Akashika kikombe kwa mikono miwili, akanusa, akafumba macho.

"Mama, aksanti sana. Hii chai iko muzuri, lakini mi nakatazwa. Hizi karanga ndizo sikatazwi."

Akauvuta ungo wa karanga uliokuwa pale chini, akaanza kumenya na mama mwenye nyumba. Hakuna ufunuo, hakuna afya. Baada ya nusu saa mama yule alikuwa anamsimulia habari za mashemeji zake. Mimi nimekaa na kitabu changu magotini, nimekunja miguu kama mgeni wa posa.

Nilijiambia ni bahati. Nyota njema huonekana asubuhi, wahenga walisema, lakini hawakusema ikiwa ya mwenzako uifanye nini.

Jumatatu ilikuwa siku yetu ya kufua, kunyoa na kupiga simu nyumbani. Mama yangu alikuwa na swali moja, na alikuwa akiliuliza akishamaliza kuuliza nimekula nini. "Na wewe umembatiza nani, mwanangu?" Mtaa mzima alishautangazia kwamba mwanawe yuko Uganda anabatiza watu. Nami miezi kumi na minne sikuwa nimembatiza hata mmoja. Kwetu anayebatizwa ndiye anayechagua mtu wa kumwingiza majini. Kule Jinja kijana niliyemfundisha miezi mitatu alimchagua mjomba wake. Arua mama mmoja alimchagua jirani. Koboko seremala mmoja, ambaye nilimfundisha mpaka sauti ikakauka, alimchagua mwenzangu wa zamani kwa sababu walikuwa wanashabikia timu moja ya mpira. Mara zote nilikuwa pembeni nimeshika taulo. Nilipata uzoefu mkubwa wa taulo.

"Bado kidogo, Mama," nilikuwa nikijibu. "Yuko mmoja karibu."

Huyo mmoja alikuwa mama wa Lobule.

Lobule ni mashamba, na kutoka Koboko mjini tulikuwa tukienda kwa baiskeli, tai zinapepea begani, kofia ngumu kichwani kwa sababu kanuni inataka kofia. Siku ya kwanza alitusimamisha yeye mwenyewe. Alikuwa anatoka shambani na kikapu cha muhogo, mwanamke wa umri wa bibi yangu, mwembamba, na jicho la mtu asiyepunjwa sokoni.

"Nyinyi watoto nakwenda vita wapi?" akauliza, akitazama kofia.

Marehemu mumewe alikuwa askari, na kwa kuhamahama naye kambi kwa kambi alijifunza Kiswahili cha huko, ambacho hakipotezi muda kupatanisha maneno. Mimi nilikuwa nimejitayarisha kwa mtu kama huyu mwaka mzima. Nilimfundisha kwa uangalifu wote. Picha nilikuwa nazo, maandiko nilikuwa nayo, na alinisikiliza kweli, aliuliza maswali mazuri kuliko ya watu wengi waliosoma. Kwamba familia zinaweza kuunganishwa hata baada ya kifo alitaka nirudie mara mbili. Niliporudia, alinipa jina. Aliniita Mwalimu.

Nilifurahi siku moja tu. Siku ya pili nilisikia anavyomwita mwenzangu, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa chini na kumenya karanga. Yeye alikuwa "mtoto yangu".

Basi nami nikaamua nitakuwa mtoto. Tulikuwa na saa zetu za kusaidia watu kazi, tukaenda kumlimia. Mwenzangu alivua tai, akakunja suruali, akashika jembe. Mtu wa Bukavu, mgongo kama mlango. Mimi nilivua tai pia. Nilikwenda matuta mawili. La tatu viganja vimevimba malengelenge, na mama yule alikuja akaniondolea jembe mkononi kwa upole, akacheka kidogo.

"Mwalimu, wewe kaa kivuli. Soma."

Nikakaa kivulini. Nikasoma. Sijui nilisoma nini.

Tulipofika somo la ubatizo nilimwonyesha picha ya mtu aliyemo majini mpaka kiunoni. Nikamweleza kwamba kwetu hakuna kunyunyizia. Mtu anazamishwa mwili wote, amelala kama anayezikwa, kisha anainuliwa. Kisha akageuza ile picha, akailaza kifudifudi juu ya mkeka.

"Maji hapana," akasema, akaenda kuchochea moto.

Nikarudia somo. Nikatafuta aya nyingine. Akasema tena hapana, na wiki hiyo tukarudi Koboko, mimi nimekasirika naye kwa kuwa nilishamwambia mama yangu yuko mmoja karibu.

Wiki iliyofuata tairi yangu ilipasuka uani kwake. Nilikuwa hatua kumi hivi, nimechuchumaa na pampu, wao wawili wamekaa na ungo wao. Yule mama akamwambia yeye. Mimi nilisikia kwa sababu nilikuwa na masikio, si kwa sababu nilialikwa.

"Wakati ya vita sisi nakimbia Kongo," alisema. "Mto ilikuwa imejaa. Mtoto yangu ya kwanza mimi nashika hapa." Akajishika kifundo cha mkono. "Maji nachukua yeye. Mimi natoka, yeye hapana toka. Tangu siku ile mimi naoga na kopo tu. Mtoni hapana ingia. Hata mvua mimi naogopa."

Mwenzangu hakutoa aya. Aliendelea kumenya karanga, taratibu, na machozi yakawa yanamtoka bila aibu. Mimi nikapiga pampu. Mtu mwenye moyo angeacha pampu akaenda kukaa nao. Mimi nilikuwa nawaza: miezi miwili nimemfundisha, na siri yake kampa huyu. Naandika hivi kwa aibu, lakini ndivyo nilivyowaza, neno kwa neno.

Kutoka siku hiyo mwenzangu ndiye aliyemfundisha maji. Alimlaza kwenye nyasi uani pake, akamwonyesha namna ya kuziba pua kwa mkono mmoja na kumshika yeye kifundo kwa mkono mwingine, kukunja magoti, kujiachia. Wakawa wanaanguka kwenye nyasi na kucheka mpaka kuku wanakimbia. Nikasimama na kitabu.

"Mara moja," mama yule alimwambia kila walipomaliza. "Mimi naingia mara moja tu."

"Paka mara moja tu, Mama. Nakuahidi."

Ikafika siku ya kumuuliza. Kuuliza ni kazi ya mkubwa, na mimi ndiye mkubwa. Nilikuwa nimenyoosha shati usiku wake. "Mama," nikasema, "siku ya ubatizo wako, ungependa nani akubatize?" Nikaweka uso wa unyenyekevu.

Hakufikiri hata kidogo. Alimwelekezea mwenzangu midomo, kama watu wa kule wanavyoelekeza.

"Huyu mtoto yangu." Halafu akanitazama, akaona kitu, nadhani, maana aliongeza kwa haraka, "Na wewe, Mwalimu, utasimama karibu. Mimi nataka wewe kuwa karibu."

Nikatabasamu. Roho ilikuwa inaniuma kama jino.

Siku zile kabla ya ubatizo sikuzungumza na mwenzangu zaidi ya ya lazima. Alipika ugali wa muhogo na angara, wale samaki wakavu wa kule, akaniachia kipande kikubwa. Nikakila kwa hasira. Kila Ijumaa kanuni inatutaka tukae wawili, magoti kwa magoti, tuambiane lililo moyoni ili chuki isipate pa kulala. Akaanza yeye: alisema ananishukuru kwa uvumilivu wangu, na kwamba anajifunza Kiswahili kizuri kutoka kwangu.

"Yaya, na weye? Uko na shida na mimi?"

"Unaacha nguo mbichi kitandani," nikamwambia.

"Basi?"

"Basi."

Akaenda akaitoa ile nguo.

Koboko hatukuwa na kisima cha ubatizo, kwa hiyo Jumamosi tulikwenda Arua, ambako tawi lilikuwa limejenga kimoja nyuma ya nyumba ya ibada: matofali, saruji, ngazi nne za kushukia. Maji ya bomba yalikuwa yamekatika tangu Alhamisi. Vijana wa tawi walibeba maji kwa jerikeni kutoka mtoni, upande wa Oli, asubuhi nzima, wakakijaza mpaka kiunoni. Mama wa Lobule alikuwa amefika na nguo zake bora, akabadilishwa akavikwa gauni jeupe refu. Alikuwa amemshika mwenzangu mkono kama mtu anayevushwa barabara.

Lazima nieleze kazi ya mashahidi, maana bila hilo hamtanielewa. Ubatizo wetu hauhesabiki mpaka watu wawili wauone. Wanasimama ukingoni, mmoja upande wa kichwa, mmoja upande wa miguu, na wanatazama. Maji lazima yamfunike mtu mwili wote kwa wakati mmoja. Pindo la gauni likielea, kiwiko kikibaki nje, kidole cha mguu kikichomoza, shahidi anasema, na inarudiwa. Niliwahi kuona kijana Jinja akirudiwa mara tatu kwa ajili ya nywele. Hakuna anayebishana na shahidi. Kiongozi wa tawi, fundi cherehani mpole, alimweka mama mmoja muuza vitenge upande wa kichwa, na mimi akaniweka upande wa miguu.

Wakashuka. Maji yalipomfika mama magotini alisimama, akatikisa kichwa, akataka kurudi. Mwenzangu hakumvuta. Alisimama naye palepale, akamwambia kitu ambacho sikukisikia, na hata hapo, naapa, nilikereka kwamba sikukisikia. Baada ya muda akashuka ngazi nyingine. Na nyingine. Watu tuliokuwa pale, kama kumi na watano hivi, tulisogea ukingoni.

Mwenzangu akainua mkono, akasema maneno ya ubatizo bila kukosea hata moja. Akamlaza. Maji yakafunga juu yake. Akamwinua.

Alitoka anakohoa, anacheka, ameinua mikono yote miwili, maji yanamtiririka usoni, na akapiga vigelegele ambavyo nadhani viliwafikia waliokuwa mtoni. "Nimetoka!" alikuwa anasema. "Mtoto yangu, mimi nimetoka!" Akamkumbatia mwenzangu, akamwegemezea kichwa kifuani. Watu wakaanza kuimba.

"Kidole kimetoka," nikasema.

Sikukiona kidole. Nataka niwe wazi hapa, kwa sababu nimejaribu miaka hii yote kujishawishi kwamba pengine nilikiona, kwamba maji yalikuwa na povu, kwamba jua lilinipiga. Niliona maji. Yalikuwa yametulia. Kilichonitoka kinywani kilitoka kifuani, kutoka kule nilikokuwa nimekilea tangu kikombe cha chai.

Wimbo ukakatika vipande vipande. Kiongozi wa tawi akanigeukia. "Una hakika, Mzee?"

"Kidole gumba," nikasema. "Cha mguu wa kulia." Mwongo haridhiki na uongo mtupu, lazima auvishe nguo.

Akamwuliza muuza vitenge. "Mimi nilikuwa natazama kichwa," yule mama akajibu, kwa haki kabisa. "Kichwa kilizama."

"Basi, irudiwe," akasema fundi, kwa masikitiko.

Mama wa Lobule alikuwa bado yumo majini. Niliona ile habari ikimfikia. Mikono ikashuka. Alimtazama mwenzangu, akanitazama mimi, akajitazama chini.

"Kidole?" akauliza. "Mimi naweka yote. Mimi nalala yote."

"Ni kidogo tu, Mama," fundi akamwambia. "Mara moja tena, imekwisha."

Akapanda ngazi akatoka. Akakaa ukingoni kwenye saruji, gauni limemganda mwilini. Mtu akamfunika kanga. Akasema hataingia tena, aliambiwa mara moja, yeye aliingia mara moja. Akasema taratibu kwamba anataka kwenda nyumbani. Mwenzangu alibaki palepale majini, amesimama, hajasema neno hata moja tangu nilipofungua mdomo. Nilisubiri aseme. Nilikuwa na majibu tayari ya kumpa.

Nilikuwa nimepata nilichokitaka: yeye pia ameshindwa. Niliitafuta furaha ya kukipata nikaikosa.

Kisha yule mama akaunyoosha mguu wake wa kulia mbele yake kwenye saruji, akauangalia. Akaanza kusema, polepole, si kwa mtu fulani.

"Siku ile ya mto," alisema, "maji nachukua mtoto, yeye nalia. Mimi nasikia yeye nalia. Nyuma risasi. Hii mguu haikungoja. Hii mguu ilikimbia." Akaupiga kofi, kofi dogo la kumkanya mtoto. "Mimi hapana ambia mutu. Lakini Mungu iko naona. Mwili yote anapokea, hii mguu anakataa."

Fundi alikuwa ameinamisha uso. Muuza vitenge alilia. Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka kwake, nimevaa shati jeupe na kibao cha Mzee kifuani. Kinywa kilichosema kidole kimetoka kingeweza kusema hapana, nimedanganya, Mama, mguu wako ulizama. Maneno hayo hayafiki hata kumi. Niliyahesabu baadaye, mara nyingi. Pale nilikuwa nafikiria simu ya rais wa misheni, mkubwa wetu sote, nafikiria basi la kunirudisha Morogoro kwa aibu, nafikiria uso wa mwenzangu.

Akajipangusa macho, akanitazama.

"Mwalimu. Wewe uliona."

"Mama..."

"Wengine hapana ona. Wewe uliona." Akanyoosha mkono wake uliolowa. "Basi wewe utaingiza hii mguu. Mimi nataka wewe."

Hivyo ndivyo nilivyochaguliwa.

Nilipewa suruali nyeupe na shati jeupe, nikabadilisha kwenye chumba cha viti. Niliporudi mwenzangu alikuwa anatoka majini kunipisha. Tukakutana kwenye ngazi ya juu. Akaniwekea mkono begani, akaniinamia sikioni, akanong'ona kama mwashi anayemwachia mwenzake kazi.

"Yaya, ukimulaza, weka muguu yako juu ya vidole vyake. Kanyaga pole pole, usimuumize. Mi nilikanyaga hivyo, tangu anaenda chini mpaka anapanda. Haiwezi kutoka."

Hakukaza sauti. Wala hakunitazama vibaya. Akaenda akasimama pale nilipokuwa nimesimama mimi, upande wa miguu, maji yanamchuruzika kwenye saruji.

Nilikaa kwenye ile ngazi kitambo. Fundi alidhani naomba, akawanyamazisha watu. Kisha nikashuka, nikamgeukia yule mama, nikampa mkono.

Alikuja. Kila ngazi alisimama. Kucha zake ziliniingia kwenye kifundo. Nikainua mkono, nikasema maneno ya ubatizo kwa Kiswahili safi kabisa, hakuna hata neno lililoteleza. Nikautafuta mguu wake chini ya maji kwa mguu wangu. Vidole vilikuwa vigumu, vya mkulima, vimejikunja kwa hofu. Nikavikanyaga. Vilikuwa vimekaa sawasawa chini, wala havikuwa na nia ya kwenda popote.

Nikamlaza. Nikamwinua.

Safari hii hakupiga vigelegele. Alijifuta maji usoni kwa viganja, akatazama chini alipokuwa amesimama, akanitazama mimi. Hakumwangalia mwenzangu, wala fundi. Watu walikuwa wanasubiri ishara ya kuimba.

"Mwalimu," akaniuliza kwa sauti ndogo, ya kunitegemea, "sasa Mungu nakubali hii mguu?"

Wote walikuwa wananitazama.

"Amekubali, Mama," nikasema. "Sasa amekubali."